Hitilafu Arobaini na Nne za Kituo cha Nne

Skärholmen, 3 Machi 2025

Kwa Bwana Fidèle Mushagalusa, Hässelby

Salamu.

Msimamizi wako ameniambia umeomba kujibu maswali yangu kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswidi chako, kwa maneno yako mwenyewe, kinatosha kununua mkate lakini hakitoshi kujitetea. Ombi limekubaliwa. Katika ofisi yetu nzima anayesoma Kiswahili ni mimi peke yangu, na kwa bahati faili hili ni langu.

Mimi ni mkaguzi wa usalama. Kazi yangu ni kuamua kama basi dogo linalojiendesha, lile unalokaa ndani yake kama mhudumu, linafaa kupewa cheti cha kubeba watu. Likipata cheti, njia yenu ya kutoka kituo cha treni hadi kituo cha afya itaendelea, na baadaye basi litatembea bila mhudumu. Lisipopata, majaribio yatafungwa tarehe 30 Aprili na basi litaondolewa. Ninaweza kulipanda bila kutoa taarifa, lakini kanuni hairuhusu nizungumze nawe kabla sijamaliza, hata kwa simu. Maswali na majibu yote yawe kwa barua yenye tarehe na sahihi, iingie kwenye faili.

Shida ni hii. Tangu Novemba basi limekataa kuondoka mara arobaini na tatu, na zote ni kituo cha nne, pale mbele ya kanisa. Kila mara umebonyeza kitufe cha "hitilafu ya chombo". Mafundi wamelifungua mara mbili na hawakukuta kitu. Siwezi kutoa cheti kwa gari lenye ugonjwa usiojulikana.

Naomba uniambie: linapokataa kuondoka, wewe uliye ndani unaona nini?

Jennifer A. Okech
Mkaguzi


Hässelby, 8 Machi 2025

Kwa Mama Injinia Jennifer,

Pokea salamu zangu, na za mke wangu Maombi, na za mama mkwe wangu, Mama Adrienne, ambaye hakujui lakini aliposikia kuna mama Mwafrika anayepima magari ya Wazungu alisema nikusalimie mara mbili. Habari za nyumbani? Watoto wanaendelea? Huko Skärholmen baridi imepungua, au bado inawakaba kama sisi huku?

Mimi ni mtu wa Bukavu. Nina miaka sitini na nne, na kumi na tisa kati ya hiyo niliendesha malori barabara ya Uvira, kule mlima wa Ngomo ambako ukikosea kona hakuna wa kukuuliza umekosea nini. Hapa sina usukani. Nimepewa kiti cha nyuma, skrini moja na vitufe vitatu. Basi lenyewe lina adabu kupita kiasi. Linasimama kumpisha bata, linasimama kuupisha mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo. Zamani ningelitukana gari la namna hii. Sasa nimelizoea na, nikuambie ukweli, nalipenda.

Nalipenda kwa sababu ya Mama Adrienne. Ana miaka sabini na tisa na nyonga yake imechoka. Kati ya nyumbani kwetu na kanisani kuna mlima mdogo ambao wewe ungeupanda ukizungumza na simu, lakini kwake ulikuwa ukuta. Miaka mitatu alikaa ndani, akisikiliza ibada kwenye simu ya Maombi. Tangu basi lije anakwenda kila Jumapili, na Jumatano kwenye maombi ya wamama. Amenunua viatu vipya. Kwa hiyo ukiniuliza kama basi linafaa, nakujibu linafaa.

Kuhusu kituo cha nne, linasita tu. Labda ni jua, labda theluji imeingia kwenye macho yake. Ni tabia yake. Mimi husubiri, likimaliza kusita linaondoka.

Ndimi katika kazi,
Fidèle Mushagalusa


Skärholmen, 12 Machi 2025

Bwana Fidèle,

Asante kwa salamu, na Mama Adrienne mwambie zimefika zote mbili. Watoto hawajambo. Nawasalimia kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiswidi, tunaelewana.

Nimezipanga tarehe zako kwenye jedwali. Kusimama kote arobaini na tatu ni ama Jumapili kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, ama Jumatano saa kumi na mbili. Jumatatu basi halijawahi kusita, wala Ijumaa. Bwana Fidèle, mashine haijui Jumapili. Jua na theluji navyo havijui.

Sitaki kuzunguka. Cheti kikitoka, kiti chako kitaondolewa. Je, unabonyeza kitufe hicho ili cheti kisitoke?

Ninalazimika kuuliza. Ripoti yangu inatakiwa tarehe 25 Aprili.

Jennifer A. Okech
Mkaguzi


Hässelby, 15 Machi 2025

Mama Injinia,

Leo sina salamu nyingi.

Kiti hicho wakichukue hata kesho. Mwakani nastaafu, na sijawahi kula mkate wa kazi niliyoiibia.

Swali lako silijibu. Umesema una ruhusa ya kupanda basi. Njoo Jumapili, uone kwa macho yako, na usije umeshika makaratasi.

Fidèle Mushagalusa


Skärholmen, 24 Machi 2025

Mzee Fidèle,

Barua hii ni ngumu kuiandika, kwa sababu itaingia kwenye faili na mwenye kuigonga muhuri ni mimi.

Jana nilikuja. Nilipanda basi lako pale kituo cha treni, nikakaa karibu na mlango nikijifanya nasoma simu. Sikukusalimia. Unisamehe, kanuni ilinifunga mdomo. Mpango wangu ulikuwa nishuke kituo cha nne, nivuke barabara, nisimame upande wa pili nihesabu. Nilikuwa na saa, kalamu na kahawa kwenye kikombe cha karatasi.

Sikuvuka barabara. Mama mmoja mwenye mkongojo aliniona nimesimama kwenye upepo akaniita, "Wee mama, unafanya nini inje na hii baridi? Ingia, Mungu iko mu ndani." Nikaingia. Sikujua bado kwamba huyo ndiye mama mkwe wako. Baada ya ibada kukawa na wali, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Wakaniuliza natoka wapi, nikasema Kisumu, wakaniongeza samaki. Wakauliza nafanya kazi gani, nikasema ya ofisini, ambayo si uongo lakini si jibu pia.

Nilipoaga, walinyanyuka sita. Niliwaambia wasijisumbue, kituo kiko hapo tu, hatua thelathini. Mama Adrienne akavaa koti lake. "Mugeni hatokake peke yake," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi lilikuwa limeshafika, mlango wazi. Nikaweka mguu mmoja ndani. Hapo ndipo mmoja akakumbuka kwamba ana binamu aliyeolewa Nakuru, je, namfahamu? Mwingine akarudi ndani mbio kunichukulia sombe ya kubeba. Mama Adrienne alikuwa ameegemeza mkono ubavuni mwa basi, ametulia kabisa, akinieleza habari za nyonga yake. Basi likasema kwa ile sauti yake ya kike, "Var god stig åt sidan," tafadhali sogeeni kando, na yule mnayemwita Maman Glody akalijibu, "Tunamaliza, mama, tunamaliza." Tukaagana. Kisha tukaagana tena kwa sababu mmoja hakuwa amelisikia jina langu vizuri. Nikautoa mguu ili nimkumbatie, nikaurudisha, nikautoa tena, kwani sombe ilikuwa imefika.

Nilipoketi hatimaye nikatazama saa. Dakika kumi na moja. Nilikuja kuhesabu kusimama kwa basi na badala yake nimelisimamisha mwenyewe dakika kumi na moja nzima, nikicheka. Nikageuka nikakuona unabonyeza kitufe.

Leo asubuhi nimefungua kumbukumbu. Kusimama kwa arobaini na nne, kituo cha nne, Jumapili. Sababu: hitilafu ya chombo.

Mzee, hitilafu hiyo ni mimi. Navaa viatu namba arobaini na moja na nina sombe kwenye friji. Kwa lile swali langu la kiti naomba radhi, na sasa nakuuliza jingine: kwa nini uliandika kuwa ni gari?

Jennifer


Hässelby, 28 Machi 2025

Mama Jennifer,

Nilikusamehe pale ulipokubali samaki wa pili, Maombi alinisimulia. Na nilikutambua ulipopanda tu. Abiria wengine hutazama nje dirishani, wewe ulikuwa unatazama bawaba za mlango.

Sasa nakuambia yote. Wiki za kwanza, Oktoba, nilibonyeza kitufe cha kweli, kile cha "watu mlangoni". Mara nne. Kisha kukawa na mkutano wa wakazi, na mtu wa kampuni akaonyesha ukutani kwamba kituo cha nne abiria wanalizuia basi. Hakusema vibaya. Lakini bwana mmoja akainuka akauliza kama hao watu wa kanisani hawawezi kufundishwa kupanda basi, na mwingine akasema rahisi ni kukiondoa kituo. Wamama wetu wawili walikuwepo. Walirudi na maneno hayo, na Jumapili iliyofuata hakuna aliyemsindikiza mtu. Mgeni aliyetoka Uppsala akaenda kituoni peke yake na mabegi yake, wao wakibaki ndani wakitazamana. Mama Adrienne akasema ikiwa yeye ndiye anayechelewesha watu wa watu, basi atakaa nyumbani. Akakaa. Jumapili mbili alivaa akakaa sebuleni na viatu vyake vipya.

Utasema kwa nini sikuwaambia wasogee tu. Anayeegemea mlango ni mama mkwe wangu. Kwetu mama mkwe hata mkono simpi. Nikisema naye natazama sakafu, na maneno mengi yanapitia kwa Maombi. Ndani ya basi yeye hukaa mbele kabisa na mimi nyuma kabisa, na sote tunashukuru kwamba kuna viti kumi katikati. Nimwambie "toka mlangoni" mbele za watu? Nisingeweza, mama. Hata leo siwezi.

Basi nikawaza kwamba gari halina jina la kuchafuka, wala halina wajukuu wa kuchekwa shuleni. Nikalisingizia. Nikamwambia Maombi amwambie mama yake kuwa kampuni imegundua ubovu uko kwenye gari, wala si wao. Mama akarudi kanisani. Baada ya hapo nilibonyeza mara arobaini na tatu bila kujuta, na ya kwako nikaibonyeza kwa mazoea.

Andika unavyotakiwa kuandika. Nitatia sahihi.

Fidèle


Skärholmen, 2 Aprili 2025

Mzee wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kwetu Wajaluo pia mkwe na mama mkwe wanakwepana, kwa hiyo hapo huhitaji kunieleza zaidi. Ningekuwa mahali pako nami ningekaa kimya.

Lakini kuna jambo hulijui, na mimi nimelijua juzi tu. Picha zinazopigwa nje ya basi hufutwa baada ya siku tatu, ili watu wapitao njia wasirekodiwe bure. Zinahifadhiwa pale tu mhudumu anapoandika kwamba kulikuwa na mtu. Wewe hukuandika. Kwa hiyo mafundi wana kumbukumbu arobaini na nne ambamo basi linasema "kuna watu mlangoni" na wewe unasema hakuna. Wamekuamini wewe. Wamehitimisha kwamba pale kituo cha nne basi linaona watu wasiokuwepo, na tarehe 15 Aprili watalifundisha lisiwajali.

Naomba uisome sentensi hiyo tena. Baada ya tarehe hiyo, mtu akisimama karibu na mlango pale mbele ya kanisa, basi litamhesabu kuwa si mtu. Litaondoka. Nimeuona mkono wa Mama Adrienne ulipoegemea. Tangu juzi sijalala vizuri.

Nimewaandikia mafundi wasimamishe kazi hiyo, lakini neno langu halitoshi. Nililoliona ni mara moja tu, na mara hiyo mkosaji nilikuwa mimi. Inabidi wewe urekebishe kumbukumbu zote kwa mkono wako, kila moja na sababu yake ya kweli, kabla ya tarehe 15. Kampuni itakukaripia na huenda ikakusimamisha kazi. Na mimi nitaiandika ile ya arobaini na nne kwa jina langu, kwa sababu mkaguzi anaruhusiwa kutazama tukio, haruhusiwi kuwa tukio. Huenda nikanyang'anywa faili.

Usiwakataze kusindikiza. Hilo silisemi kama mkaguzi.

Jennifer


Hässelby, 10 Aprili 2025

Dada Jennifer,

Nimerudi sasa hivi kutoka kampuni. Nimetia sahihi mara arobaini na tatu, mkono unauma. Ile ya kwako nimewaachia nafasi yako. Wamenipa onyo la maandishi, na basi linabaki na macho yake yote. Lala sasa.

Nilidhani sitakumbuka. Maombi alileta simu yenye picha za kanisani, tukakaa mezani siku tatu, na zikarudi moja baada ya nyingine. Tarehe 12 Januari Maman Glody alikuwa anamuaga dada yake anayerudi Norrköping, dakika kumi na saba, kwa sababu dada alishuka mara mbili kumbusu mtoto mchanga. Jumatano moja ya Novemba ni yule kijana wa Burundi aliyepata karatasi zake za kukaa. Walimwimbia wimbo mzima, na abiria Waswidi wawili waliokuwa ndani wakapiga makofi. Moja ni yangu mwenyewe. Nilishuka kumuaga rafiki yangu Dieumerci alipohamia Malmö, nikalizuia basi ninalolipwa kulilinda. Zote nimeziandika hivyo, jina la mgeni na majina ya waliomtoa. Msimamizi alisoma kurasa mbili akaniuliza kama kuna jambo lolote watu wetu hufanya haraka. Nikamwambia tunakula haraka.

Lakini kuna lingine. Jana, baada ya maombi ya wamama, nilimwomba mchungaji ruhusa nikasimama mbele yao nikasema yote, macho sakafuni. Kitufe, mkutano, uongo, na kile ambacho basi lilikaribia kufundishwa. Kisha Mama Adrienne akasema nami moja kwa moja, bila kupitia kwa Maombi, jambo ambalo halijatokea tangu harusi yetu.

"Fidèle, ulituonea haya?"

Nikasema hapana, mama, nilitaka tu muweze kutoka.

"Sisi tunaaga watu. Iko mubaya gani ya kuandikwa? Ungeliandika jina yangu. Basi hii miezi yote nilikuwa natoka juu ya uongo yako."

Jibu nimelitafuta usiku na mchana wa leo, nikagundua kwamba ndiyo, niliwaonea haya, kidogo, pale mkutanoni yule bwana aliposimama. Nilicheka pamoja na wengine. Hilo sikukuambia.

Alitoka kanisani akalipita basi likiwa limefungua mlango. Akaupanda mlima kwa miguu, Maombi amemshika mkono, dakika arobaini. Amesema hapandi tena. Anasema alikuwa halijui gari lile, alikuwa ananijua mimi, na sasa hata mimi hanijui. Cheti kikitoka, dada, kitatoka kwa ajili ya nani?

Fidèle


Skärholmen, 12 Mei 2025

Mzee Fidèle,

Unisamehe kwa ukimya. Nilinyang'anywa faili kama nilivyohofu, nikapewa onyo langu, sasa tumekuwa wawili. Majaribio yaliongezewa wiki mbili, na mwenzangu ndiye aliyelimaliza faili. Kwa hiyo kanuni hainifungi tena na ningeweza kukupigia simu, lakini nimeyazoea makaratasi haya.

Cheti kimetoka Ijumaa. Mwenzangu ni mtu mkavu, hana maneno mengi, ila alinijia mezani na kurasa zako akasema hajawahi kupata ushahidi kama huu. Uwanja wa majaribio hutumia midoli. Mdoli anasimama mlangoni sekunde tano, basi linasubiri, watu wanaandika alama ya vema. Wewe umemletea wazee, watoto wachanga, waimbaji, watu wanaoweka mguu na kuutoa, mvua, theluji, giza la saa kumi, na mara zote arobaini na nne gari la tani tatu lilikaa kimya likisubiri. Kile tulichokiita ugonjwa ndicho kilichompa imani. Na ratiba imebadilishwa: Jumapili jioni na Jumatano basi litakaa kituo cha nne dakika kumi na tano. Imeandikwa hivyo pale kituoni, bila maelezo.

La kwako ulilijua tangu mwanzo. Kuanzia tarehe 1 Septemba basi litatembea bila mhudumu. Nimeona vibaya kukuandikia hilo, lakini sitaki ulisikie kwa mwingine.

Sasa Mama Adrienne. Nimeutafsiri ukurasa wa kumi na mbili wa ripoti kwa Kiswahili, kwa mkono wangu, uko ndani ya bahasha hii. Mpe Maombi ampe. Sikuupamba. Humo imeandikwa ni mara ngapi basi lilisimama na kwa nini, na kwamba mhudumu aliandika uongo, na kwamba mkaguzi alilizuia kwa dakika kumi na moja, na kwamba mafundi nusura waliharibu kwa kuamini karatasi kuliko macho yake. Imeandikwa pia kile lisichokiweza: kwenye ukungu mzito halioni mbali na lazima lisimame, na mtu akianguka nyuma yake linaweza kuchelewa kumtambua kwa sekunde moja, ndiyo maana halirudi nyuma hata kidogo. Mwenzangu alisema watu wakisoma hayo wataogopa kupanda. Inawezekana. Mimi nisingempandisha mama yangu kwenye gari ambalo karatasi yake ina sifa tupu.

Kama hatapanda, ni haki yake. Umwambie nauliza hali ya nyonga.

Jennifer


Hässelby, 8 Septemba 2025

Dada Jennifer,

Salamu kutoka nyumba nzima. Ule ukurasa Maombi aliusoma kwa sauti mara mbili, mama yake amefumba macho. Mara ya tatu alitaka pale pa ukungu tu. Kisha akaukunja akautia kwenye Biblia. Jumapili iliyofuata akapanda. Kiangazi chote tulikwenda hivyo, yeye mbele, mimi nyuma. Nilijua anapanda kwa sababu bado nipo. Nikawa nazihesabu siku za kufika Septemba.

Jana ndiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza bila mimi. Baada ya ibada kanisa zima lilitoka nje, si kumsindikiza mgeni yeyote bali kuona nani atapanda. Basi likaja, likafungua mlango, ndani hamna mtu. Vijana walikuwa wanapiga picha. Wamama walikuwa wanatazamana, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya kwanza. Dakika tano zikapita hivyo. Nilikuwa nimeamua kwamba akirudi nyuma, nitapanda naye kama abiria, kila Jumapili hadi mmoja wetu afe, na sitamwambia mtu.

Nikasogea. Nikamwambia, nikitazama viatu vyangu, "Mama, naweza kukaa kule nyuma."

Akanijibu mwenyewe. "Apana. Ile karatasi imesema mabaya yake yote. Na ya kwako iko mu ndani, na ya ule mama wa Kisumu. Kitu yenye watu wamesema mabaya yake, naweza panda." Kisha akamwambia Maombi abaki aoshe sufuria za kanisa, yeye anajua njia.

Akapanda peke yake. Alikaa pale pale mbele, akaweka mkoba magotini, akanyoosha kitenge chake. Wengine bado walikuwa wanaaga dirishani na basi likawangojea, hadi wa mwisho alipotoa mkono wake. Ndipo likaondoka taratibu. Nilibaki barabarani nikilitazama likipanda mlima. Kichwa chake kilikuwa kinaonekana kwenye kioo, kimetazama mbele. Nikangoja ageuke kukitazama kiti cha nyuma, kama nipo.

Hakugeuka. Nilifurahi, kisha nikaumia kidogo, kisha nikafurahi tena.

Fidèle